Mpapai umenawiri lakini hauzai: anza na ua kabla ya mbolea

Simu nyingi ninazopokea masika yakiisha huanza hivi: "Kaka, ile mipapai imenipita kimo, majani kama miamvuli, lakini tunda hata moja. Nipige mbolea gani?" Na mimi huuliza: ua lake likoje? Hapo simu hunyamaza. Mtu ana mipapai 300, amemwagilia miezi minane, hajawahi kusimama chini ya mmoja akaangalia ua.

Mimi naotesha miche Chimala, mkoani Mbeya, pale chini ya mlima ambapo magari ya Matamba huanza kupanda zile kona 57. Wateja wangu wengi ni wa Usangu, bonde letu la joto na mpunga: Igurusi, Rujewa, Ubaruku. Wapo wa Kyela, wapo wanaokuja toka Pawaga na Ruaha Mbuyuni, na wapo wabishi wachache wa Uyole ambao nitawafikia. Kwa muda niliofanya kazi hii, shida nyingi za "mipapai haizai" nimezikuta zilianzia ndani ya tunda lililotoa mbegu. Pale mbolea haina la kufanya.

Soma ua kwanza

Kwa joto la Usangu mpapai hutoa maua miezi mitano au sita hivi baada ya kuhamishwa kitaluni. Chuma ua moja ambalo bado siku moja lifunguke, ulipasue kwa wembe toka kichwani hadi kitakoni.

Ukikuta ua nene limekaa karibu na shina, petali zake tano zimeachana hadi chini, na ndani kuna kitunda cha mviringo chenye kishada kichwani, bila unga wowote wa njano, huyo ni jike. Ua likiwa refu kidogo, petali zimeshikana kwa chini, kitunda chembamba kama kidole cha mwisho cha mtoto, na kukizunguka kuna vifuko kumi vyenye unga wa njano, huo ni mpapai wa jinsia mbili: unajichavusha wenyewe. Dume hutambuliwa hata na aliye barabarani. Maua yake ni madogo, mengi, yananing'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi kama shanga zilizokatika uzi. Ukilipasua, unga upo, lakini mahali pa kitunda kuna kijiti tu kama sindano.

Matunda nayo husema. Jike huzaa papai la mviringo au la yai, lenye uwazi mkubwa ndani. Jinsia mbili huzaa refu, nyama nene, na ndilo wanunuzi wa soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, wanalolitaka kwa sababu hupangika vizuri kwenye kreti.

Kabla ua halijatoka, usimwamini anayekuambia anajua jinsia ya mche. Nimesikia kwamba mbegu nyeusi ni jike na ya kijivu ni dume. Kwamba mzizi ulionyooka ni dume. Kwamba mche mnene ni jike. Niliwahi kutenga miche 60 kwa kufuata kanuni ya mzizi, nikaipanda mistari miwili. Mistari yote miwili ilitoka mchanganyiko. Bila kipimo cha maabara cha vinasaba, unasubiri ua.

Dalili: nusu ya shamba, au zaidi, ni madume

Hili ndilo linalouma, na mimi mwenyewe nimelisababisha. Mwaka wangu wa pili wa kitalu nilinunua mapapai matamu sokoni, makubwa, mekundu ndani, nikakamua mbegu, nikaotesha. Mama mmoja wa Ubaruku akachukua miche 120, akapanda mmoja mmoja kila shimo. Maua yalipotoka akanipigia. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, njoo uone ulichonipandia." Nikaenda. Tulihesabu pamoja, yeye akifunga fundo kwenye kanga kwa kila kumi. Madume 64.

Nilikuwa nimeliangalia tunda, yaani mama. Baba sikumjua. Tunda lile lilitoka kwa jike, na unga uliolichavusha ulitoka kwa dume la jirani fulani huko lilikolimwa. Ukichavusha jike kwa unga wa dume, watoto hutoka nusu majike, nusu madume, kwa wastani. Utamu wa tunda haubadilishi hesabu hiyo.

Mambo yenyewe yanaeleweka ukiyafikiria kama kadi. Kila mpapai una kadi mbili za jinsia. Jike ana J na J. Dume ana J na D. Wa jinsia mbili ana J na M. Mtoto huchukua kadi moja kwa mama na moja kwa baba. Kuna sharti moja: mbegu isiyopata J hata moja, yaani D na D, M na M, au D na M, hufa ikiwa changa mno ndani ya tunda. Mpangilio huu ulielezwa mwaka 1938 na watu wawili kila mmoja kivyake, Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, na ukiushika hutahitaji kubahatisha:

Jike kwa dume: nusu majike, nusu madume.
Jike kwa jinsia mbili: nusu majike, nusu jinsia mbili. Dume hakuna.
Jinsia mbili uliojichavusha: theluthi mbili jinsia mbili, theluthi moja majike. Dume hakuna.
Jinsia mbili kwa dume: theluthi kwa theluthi kwa theluthi. Dume amerudi shambani.

Kwa hiyo zipo mbegu za kawaida zenye madume ndani, na zipo mbegu ambazo dume hawezi kutoka kwa sababu hakuna mzazi aliyebeba kadi ya D. Watu wa Hawaii walijenga kilimo chao cha mapapai madogo aina ya Solo juu ya mipapai ya jinsia mbili tu. Si uchawi wala si dawa iliyopakwa kwenye mbegu.

Tiba kwa aliyekwisha panda: usifyeke madume yote kwa hasira. Acha moja kwa kila majike 10 hadi 20, yaliyotawanyika, si yote kwenye kona moja. Mengine yatoe mapema yasile mbolea. Mapengo jazia miche mipya ikiwa mvua inaruhusu.

Tiba kwa anayepanda sasa: weka miche mitatu kila shimo, ikiachana kama sentimita 30, ubakize mmoja baada ya maua. Kwa mbegu za kawaida, nafasi ya kupata angalau jike mmoja kwenye shimo la miche mitatu ni 7 kwa 8. Mama wa Ubaruku angepanda hivyo, mashimo yake 120 yangempa majike kwenye mashimo kama 105. Kwa mbegu za mpapai wa jinsia mbili uliojichavusha, nafasi ya kupata angalau mmoja wa jinsia mbili kwenye shimo ni 26 kwa 27. Watu hulalamika kwamba miche mitatu ni gharama mara tatu. Ni kweli. Mche wa miezi miwili ni gharama ndogo kuliko shimo linalomwagiliwa mwaka mzima lina dume.

Na wale wanaopigilia msumari kwenye shina, wanaofukia jiwe mzizini, wanaokata kichwa ili dume "aogope" akageuka jike: msumari unaingiza uozo. Ukikata kichwa, shina huchipua matawi, na matawi hayo ni dume lilelile.

Dalili: dume limezaa

Hapa ndipo msumari unapopata sifa isiyo yake. Baadhi ya madume, hasa baridi inapoingia, hutoa maua machache yenye kitunda mwishoni mwa kile kikonyo kirefu. Unaona papai dogo linaning'inia kama kengele, mbali na shina. Mwenye shamba aliyepigilia msumari Aprili anaona kengele Julai, anatangaza kijiji kizima. Joto likirudi, dume linarudi kuwa dume. Mbegu za kengele hiyo usioteshe: zimebeba kadi ya D.

Dalili: mbegu za paketi zilizaa vizuri, za kwangu mwenyewe zimevurugika

Ulinunua chotara, labda Red Lady ile ya Taiwan inayouzwa sana madukani, ukapata mapapai yanayofanana kama ndugu. Ukahifadhi mbegu ili msimu ujao usinunue. Sasa kuna warefu, wafupi, matunda ya njano, matunda mekundu, moja tamu, jingine kama boga la kuchemsha.

Mbegu chotara F1 ni mtoto wa koo mbili tofauti zilizotulizwa kwa vizazi vingi. Watoto wa kwanza wanafanana. Wajukuu hugawana sifa za mababu kila mmoja kwa bahati yake. Mbegu haijaharibika na duka halijakudanganya. Ama ununue F1 kila unapopanda upya, ama uchukue mbegu ya aina iliyotulia, inayorudia sifa zake kizazi hata kizazi, ujifunze kuilinda.

Wajukuu wa chotara wakianza kutoa madume, kuna jambo la pili: uchavushaji umeingiliwa. Chotara hao huwa majike na jinsia mbili tu. D haitoki hewani. Angalia kwa jirani. Mpapai huchavushwa zaidi na nondo wakubwa wanaoruka magharibi giza likiingia, wale wanaosimama hewani mbele ya ua kama helikopta, na nondo hajui mpaka wa shamba. Dume moja nyuma ya choo cha jirani linatosha kuchafua mbegu zako.

Dalili: ni majike kweli, maua mengi, yanadondoka yote

Maua yamekaa vizuri, yamefunguka, siku chache baadaye yako chini. Au kitunda kinabaki, kinakuwa kidogo kama limao, ukikipasua hakina mbegu. Unga haujafika. Uliza maswali matatu. Je, kuna dume au wa jinsia mbili karibu? Nilifika shamba moja Igurusi ambapo kijana alikuwa amesoma kwamba dume ni hasara, akatoa yote, hata la mwisho. Akabaki na wajane 200. Je, unapiga dawa ya wadudu jioni? Unaua nondo saa yao ya kazi. Je, mvua ilinyesha mfululizo wakati wa maua? Kyela hili ni la kawaida, na hakuna la kufanya ila kungoja maua yanayofuata, maana mpapai haukomi kutoa maua.

Wakati unasubiri dume jipya likue, chavusha kwa mkono. Chuma ua la dume asubuhi, chana petali zake, pangusa unga kwenye kishada cha ua la jike lililofunguka. Ua moja la dume linatosha majike kadhaa. Kwa mipapai 20 ya nyuma ya nyumba ni kazi ya nusu saa.

Dalili: wa jinsia mbili umezaa, ukaacha, au matunda yamekunjamana

Jike halibadiliki. Liweke kwenye jua la Ubaruku au ukungu wa Tukuyu, litabaki jike. Mpapai wa jinsia mbili ni kigeugeu, na katika mkoa kama wetu, ambapo unaweza kuondoka kwenye joto la Kyela asubuhi ukala chakula cha mchana umevaa koti Uyole, kigeugeu hicho ndicho kinachochanganya watu kuliko kitu kingine.

Joto kali na kiu huusukuma upande wa dume. Kitunda ndani ya ua hudhoofika, kinabaki kijiti, ua linadondoka. Usangu utaliona kuanzia Oktoba na Novemba, mifereji ikikauka: shina lina kipande kizima kisicho na tunda, kama sentimita 40, halafu juu yake matunda yanaanza tena. Ukikiona kipande hicho unasoma kiangazi cha mwaka uliopita. Njaa ya naitrojeni hufanya vivyo hivyo. Dawa ni maji yasiyokatika, matandazo ya pumba au majani ya mpunga (yanatupwa bure Usangu nzima, watu wanayachoma!), na mbolea kidogo kidogo kila mwezi badala ya nyingi mara moja.

Baridi husukuma upande mwingine. Vifuko vya unga hujishika na kitunda na kugeuka kuwa sehemu ya tunda, kwa hiyo papai linatoka limekunjamana kama ngumi, lina mifereji, wengine huliita sura ya paka. Maji mengi na naitrojeni nyingi wakati wa baridi huzidisha. Tunda hilo linalika, ila mnunuzi halitaki. Litoe likiwa dogo, lisipoteze nguvu za mti.

Katika hali zote mbili uharibifu hutokea wiki kadhaa kabla ua halijafunguka, ua likiwa bado punje. Ndiyo maana mtu anaona matunda ya ngumi mwezi wa jua na kukataa kwamba ni baridi. Rudisha kalenda nyuma.

Si kila mti unaathirika sawa, na hapa kuna faida kwa anayetaka kutengeneza mbegu yake: mpapai wa jinsia mbili uliopita kiangazi na kipupwe bila pengo na bila ngumi ndio mzazi unayemtafuta. Ufunge kitambaa shinani ukiuona.

Kwa wale wa Uyole: miche yangu nitawauzia, ila nitasema mbele ya mashahidi kwamba mpapai ni mti wa joto. Kwa usiku wa Juni na Julai wa huko kwenu utakua polepole, utatoa ngumi, na tunda litaiva bila sukari. Ukilazimisha, panda majike na dume, kwa kuwa jike halikunjamani, na uupande ukutani upande unaopigwa jua la mchana. Parachichi lingewafaa zaidi.

Dalili ambazo si za jinsia

Nazipita haraka. Majani ya chini yana manjano na shina linalainika pale linapogusa udongo: maji yamesimama. Mpapai hufa ukisimama ndani ya maji siku mbili tatu, na kwa Kyela nisingepanda bila tuta refu. Pete pete kwenye tunda na michirizi ya kijani kibichi kwenye vikonyo: virusi vinavyoenezwa na vidukari; ng'oa, choma, na usichanganye mipapai na matikiti au maboga. Pamba nyeupe kwenye matunda na majani: vidung'ata, ukiwahi, maji ya sabuni yanasaidia. Tunda lina manundu na linatoa matone ya utomvu: mara nyingi ni upungufu wa boroni. Majani mengi ya kijani kizito, mti mrefu, vifundo vya maua vimeachana: umezidisha urea au mti uko kivulini. Na hapo sawa, unaweza kuzungumza nami kuhusu mbolea.

Dalili: mbegu hazioti

Mara nyingi hukuziosha. Kila mbegu ya papai imevikwa ute unaozuia kuota. Zisugue kwenye chujio au mchangani hadi ute wote utoke, zioshe, zile zinazoelea zitupe, zianike kivulini. Juani zinapikwa. Otesha ndani ya wiki chache. Zikikaa kabatini miezi mingi zinakufa moja moja. Kabla ya kupanda loweka saa 24. Kwa joto la Chimala huchipua wiki mbili hadi tatu. Ukiotesha Juni, weka viriba chini ya nailoni au ngoja Septemba.

Kutengeneza mbegu usiyoitilia shaka

Chagua ule mpapai wa jinsia mbili uliofunga kitambaa. Tafuta ua refu ambalo bado halijafunguka, hakikisha ni refu kweli na si lile ambalo kitunda chake kimebaki kijiti. Livike mfuko wa karatasi ya kaki, funga mdomo kwa uzi bila kukaba kikonyo. Usitumie nailoni, ua litaoza. Ndani ya mfuko ua litajichavusha. Petali zikidondoka na kitunda kikianza kunenepa, toa mfuko, funga uzi mwekundu kwenye kikonyo, andika tarehe daftarini. Funga maua matano ili upate matunda mawili matatu, maana mengine yatadondoka.

Ukitaka kuchanganya sifa, mathalani jike lenye tunda tamu na baba wa jinsia mbili asiyeyumba na joto, vika mifuko pande zote mbili siku moja kabla, kisha pangusa unga wa baba kwenye jike na uvike tena. Ukimtumia wa jinsia mbili kama mama, itabidi umng'oe vifuko vyake kumi kwa kibanio kabla unga haujapasuka, kazi ya macho na subira.

Toka uzi mwekundu hadi tunda kuonyesha mistari ya njano ni miezi mitano au sita kwetu. Tunda moja lililochavushwa vizuri lina mbegu mia kadhaa. Shida iko kwenye miezi hiyo sita. Mwaka juzi nilikuwa na tunda moja tu la uzi mwekundu, nimelisubiri tangu Machi. Nikaenda Mbeya mjini siku moja. Niliporudi, mpwa wangu alikuwa amelila, na mbegu alikuwa amewatupia kuku. Siku hizi nafunga kwenye miti mitatu tofauti, na uzi mwekundu nimemweleza mpwa maana yake.